Kitu Kisichozunguka

Tarehe 3 Februari

Mwanangu,

"Mzee akili zimemwishia. Wiki tatu nzima ameinama kwenye injini anazungusha kitu kisichozunguka, na sasa anadai kuna mtu amekifunga."

Hayo ni maneno ya baba yako, kaka yangu wa tumbo moja, kama alivyoniandikia mwaka jana. Juzi baba yako mdogo kanipigia simu akayarudia yale yale, kama mtoto wa shule aliyekariri shairi asilolielewa. Nimeyalalia, nimeyaamkia, na leo nayajibu. Nakuandikia barua kwa kuwa simu ya nyumba yenu ina masikio mengi kuliko midomo.

Salamu kwanza, maana hasira haiondoi adabu. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika kila nikipanda ngazi za kiwanda cha uchapaji, lakini macho bado makali, na kazi yangu ni macho: kutwa nasoma kurasa za watu kabla hazijachapwa na kutia alama nyekundu penye makosa. Mume wangu amefuga ndevu. Anafanana na picha ya kitambulisho cha mtu mwingine. Anakusalimu.

Sasa tuje kwenye jambo. Babu yako ameshika spana miaka hamsini na mbili. Lile gari la bluu alilichukua likiwa mzoga, mimi nikiwa darasa la tano, akalifufua, akalitunza mpaka likawa la mwisho la aina yake katika mji mzima. Leo baba yako, mtu aliyesomea kukata vioo, anamtazama wiki tatu, mikono mfukoni, kisha anatoa hukumu: mzee kaishiwa, anyang'anywe funguo za gereji, akae kwenye kiti. Kwa kosa gani? Kwa kuzungusha kitu kisichozunguka! Ufundi ni nini basi, kama si kuzungusha kisichozunguka mpaka kizunguke? Ikiwa huo ni wazimu, wafunge gereji zote na mafundi wote wapelekwe kutibiwa, halafu tuone gari la baba yako litawashwa na nani.

Na hilo la pili, kwamba mzee anadai kuna mtu amekifunga. Wanalitaja kama ushahidi wa kichaa. Nauliza swali la mtoto mdogo: kuna aliyeinama akaangalia? Au wote walikuwa wakiutazama uso wa mzee?

Wewe ni fundi wa pampu kwenye kituo cha maji. Mikono yako ni yake, kila mtu anasema. Nenda kaangalie, uniandikie ulichokiona, si ulichoambiwa. Na usiende na nyundo.

Shangazi yako


Tarehe 19 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisomea kazini, kando ya pampu namba tatu, na samahani, sikujua ni ipi iliyokuwa inanguruma zaidi. Ndevu za mjomba tunazisubiri kwa picha. Mama hajambo, amepewa miwani na sasa anaona vumbi ambalo zamani halikuwepo. Mimi nimepewa zamu ya asubuhi, kwa hiyo mchana niko nyumbani.

Nimeangalia kama ulivyoniagiza. Gari liko palepale alipoliacha Babu, nje ya mlango wa gereji, chini ya turubai. Tairi mbili zimelala. Mlango wa gereji una kufuli, na funguo zake pamoja na za gari ziko kwa Baba, kwenye kamba shingoni, kama filimbi ya mwalimu wa michezo. Lakini boneti haina ufunguo, nikaifungua.

Kilichokwama ni distributa. Najua unaijua, lakini nakuandikia ujue kwamba na mimi naijua: kile kikombe chenye kofia nyeusi na nyaya tano, kinachogawa moto kwa kila plagi. Shingo yake imeingia kwenye tundu la injini. Ukitaka moto uwahi au uchelewe, unalegeza kibanio kinachoishika, unaizungusha kidogo tu, upana wa ukucha, basi. Gari lilikuwa linagonga likipanda mlima, Babu akataka kuchelewesha moto, distributa ikakataa kugeuka. Nami nimeishika kwa mikono miwili. Haitikisiki, Shangazi. Ni kama imezaliwa pamoja na injini.

Baba alinikuta nimeinama.

"Na wewe?" akasema. "Kumbe ugonjwa wenyewe unaambukiza."

"Naangalia tu, Baba."

"Angalia. Mwisho wa Juni gari linavutwa, hapo ndani panakuwa stoo yangu ya vioo. Mpaka hapo chezea."

Babu anakaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mgongo kaupa gari. Juma lililopita kitasa cha choo kilikuwa kinakwama. Alikifungua, akakisafisha, akakirudisha, sasa kinafunga kwa kidole kimoja. Baba aliporudi akasema, "Mnaona? Leo kitasa, kesho jiko la gesi." Hiyo ndiyo hali. Akikaa kimya amezubaa, akishika kitu anahatarisha nyumba.

Macho yake yanazidi kufifia. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Anafanya kazi kwa vidole.

Shangazi, nikuulize. Mbona huji? Miaka minne sasa.

Mpwa wako


Tarehe 28 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa zamu ya asubuhi. Huku mashine mpya ya kuchapa imewasili na imegoma siku ya tatu. Meneja ameizunguka akiitazama kama mtu anayetafuta mlango wa kuingilia. Mama yako mwambie vumbi lilikuwepo siku zote, lakini aliishi kwa amani.

"Kumbe ugonjwa wenyewe unaambukiza." Baba yako alikuwa hivyo hivyo tangu utotoni, akishindwa hoja anatafuta kicheko. Kicheko si hoja. Mtu mzima mwenye mabega mapana kama yale, anasimama mbele ya binti yake anayefanya kazi aliyopaswa kuifanya yeye, na mchango wake wote ni mzaha! Halafu anaitwa mwenye akili, na aliyetengeneza kitasa anaitwa hatari. Niambie, katika nyumba hiyo, mwaka huu, ni kitu gani kingine kimetengenezwa?

Sikiliza namna ya kufanya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili Babu yako aliponifundisha, nikiwa nimemshikia taa. Shingo ya distributa ni alumini, tundu lake ni chuma. Vikilala pamoja miaka, vinaumana kama ndugu. Ukipiga, alumini inapasuka, na ile haipatikani tena popote. Kwa hiyo: osha kwanza, kwa mafuta ya taa na mswaki, mpaka uone rangi ya chuma chenyewe. Kisha oili nyepesi, tone moja asubuhi, moja jioni, kwa unyoya. Kisha kitambaa cha maji ya moto kwenye injini, si kwenye distributa. Ndipo ushike kwa mikono, usukume upana wa unywele kwenda, unywele kurudi. Siku ishirini, thelathini. Babu alikuwa anasema kitu kilichokwama hakina haraka, mwenye haraka ni wewe.

Ujumbe wangu kwa baba yako ni kwamba... Hapana, usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe.

Hilo la kuja tuliache.

Shangazi yako


Tarehe 22 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hatujambo wote. Pampu namba tatu imeungua koili, mtaa wa chini wamekaa bila maji siku mbili na tumetukanwa vya kutosha. Baba Mdogo amekuja Jumapili, akala, akasema gari la Babu likiondoka uwanja utapumua, akaondoka. Sijawahi kuona uwanja ukipumua.

Nilifanya kama ulivyoelekeza, isipokuwa jambo moja, na hilo nitalieleza. Tone asubuhi, tone jioni. Kitambaa cha maji ya moto mpaka Mama akaniuliza kama nakanda mgonjwa. Siku kumi na tisa. Haikusogea hata upana wa pumzi. Nakwambia ukweli, Shangazi, siku ya kumi na tano nilianza kuamini wanavyosema. Nilimwangalia Babu barazani nikajiuliza: kama mimi mwenye miaka ishirini na sita na macho mawili nimeshindwa na hiki kitu, yeye alikuwa anafanya nini hapa wiki tatu?

Siku hiyo hiyo aliniita. Nilidhani anataka chai. Akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, leo nimesema upuuzi wowote?"

"Hapana, Babu."

"Nikisema, uniambie wewe. Usiwaachie wao."

Sasa jambo lenyewe. Sikuwa nimeosha kwanza. Ulisema nioshe kabla ya oili, mimi nikaona kuosha ni kazi ya kupendezesha, nikaruka. Siku ya ishirini, kwa hasira tu, nilichukua mafuta ya taa na mswaki nikasugua shingo nzima na ukingo wa tundu, mpaka chini upande wa ndani ambako mkono haufiki mpaka ulalie injini.

Distributa imezunguka, Shangazi. Imezunguka kwa vidole viwili.

Sababu nimeiona. Haikuwa kutu. Naomba usiniulize zaidi, gari limepona na hilo ndilo tulilolitaka. Nilimwita Babu akaja akaishika mwenyewe. Akaipeleka kushoto, akairudisha kulia, mara nyingi. Kisha akarudi kwenye kiti chake.

Kuliwasha gari hatuwezi, funguo bado ziko shingoni kwa Baba.

Mpwa wako


Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na poleni kwa matusi ya mtaa wa chini. Sisi wazima.

Unaniandikia "haikuwa kutu", halafu unanifungia mlango usoni? Mimi ninayesoma makosa ya watu tangu hujazaliwa? Gari limepona! Nani alikuambia tulitaka gari? Ningetaka gari ningenunua. Mtu mzima amekalishwa kwenye kiti cha plastiki kama mkosaji wa darasani, ameanza kuwauliza wajukuu zake kama amesema upuuzi, na wewe una jibu mfukoni na unaniomba nisiulize.

Alisema kuna mtu amekifunga. Ndiyo au hapana?

Jibu lako likifika bila neno moja kati ya hayo mawili nitalirudisha bila kulimaliza kusoma.

Shangazi yako


Tarehe 20 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Ndiyo.

Mama hajambo, sisi sote hatujambo. Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeiandika mara nne.

Nilipomaliza kusugua niliona doa la duara, dogo kuliko punje ya dengu, pembeni mwa tundu la injini. Limejazwa gundi nyeusi ya gasketi, ile ya kuzibia injini, na kupakwa grisi juu. Nikakwangua. Ilikuwa skrubu. Mtu alitoboa ukingo wa tundu kwa kekee, akapitisha skrubu mpaka ndani ya shingo ya distributa, kisha akasawazisha kichwa chake kwa tupa ili kidole kisikisikie. Kwa macho ingeonekana, ukishaosha. Kwa vidole, hata vya Babu, isingewezekana. Kibanio nacho sikio lake, pale bolti inapopita, limevunjika na limeunganishwa kwa gundi ya chuma, vizuri sana, kwa mkono uliozoea gundi. Nilichora mfereji kwenye kile kichwa kwa kipande cha msumeno, nikaitoa kwa bisibisi. Iko mbele yangu ninapoandika. Ni ya shaba, fupi, yenye nyuzi za karibu karibu. Zipo mia mbili kama hiyo kwenye kopo kando ya benchi la Baba. Ndizo anazofungia vioo vya kabati.

Nilimngoja amalize kula. Nikaiweka mezani karibu na sahani yake.

"Nini hii?"

"Nimeitoa kwenye injini ya Babu."

"Skrubu ni skrubu," akasema, akazungusha sahani kama vile upande wa pili una chakula zaidi.

"Baba."

Akangoja Mama atoke. Ndipo akasema. Aliliazima gari apeleke kioo kikubwa cha mteja, Babu akiwa amelala na homa. Likawa linakohoa njiani. Akataka kuigeuza distributa kidogo kama alivyomwona Babu akifanya, ila yeye akasahau kulegeza kibanio, akatumia spana ya bomba. Sikio likakatika. Bila kibanio distributa ikawa inazunguka ovyo, gari linazimika kila mara. Akaifunga kwa kitu alichokuwa nacho. Alitaka kusema kesho yake. Kesho yake Babu alikuwa bado na homa.

"Na Babu alipoanza kuizungusha?" nikamuuliza. "Wiki tatu, Baba. Ulikuwa umesimama pale."

"Siku ya kwanza nilitaka kusema. Ningesema vipi wiki ya tatu kile ambacho sikukisema siku ya kwanza?"

"Ukasema ana kichaa."

Hapo akapandisha sauti. "Kwani nilisema peke yangu? Tulikubaliana watoto wote watatu!" Akaenda kwenye droo akaleta karatasi. Makubaliano ya familia, kwamba mzee hana tena uwezo wa kushika zana wala funguo. Sahihi tatu. Yake, ya Baba Mdogo, na yako.

Sikujua, Shangazi. Katika barua zako zote umesema "wao". Na si sahihi tu. Kuna alama nyekundu. Umeweka mkato kwenye mstari wa pili, na kwenye mstari wa tano ukafuta "hana uwezo" ukaandika "hana tena uwezo", usomeke vizuri. Ulisahihisha, ukatia sahihi, ukarudisha kwa posta.

Hukuja kuangalia. Hukuuliza. Sasa najua kwa nini hutaki kuja.

Lakini sina haki ya kukuhukumu, na hii ndiyo sehemu niliyoiandika mara nne. Siku ile Babu alipoishika distributa ikazunguka, aliniuliza. "Kulikuwa na nini?" Nikamwona Baba dirishani. Nikasema, "Kutu, Babu."

Akatikisa kichwa. "Basi nilikosea," akasema. "Mimi nilidhani kuna mtu."

Mpwa wako


Tarehe 2 Juni

Shikamoo Shangazi,

Wiki sita sijapata barua yako. Posta nimeuliza, hakuna kitu.

Sikuandikii kukudai jibu. Nakuandikia ujue. Jana Babu aliniita akanipa ovaroli lake, limefuliwa, limekunjwa, vifungo vyote vimefungwa. "Chukua wewe," akasema. "Mimi nikiwa nalo naweza kusahau nikalivaa." Siku hizi chai hagusi mpaka aambiwe imepoa. Kitu chochote kikikwama anakiacha. Dirisha la chumbani kwake lilikwama wazi mvua ikaingia, tukamkuta amekaa kitandani, miguu juu, anatazama maji.

Lori la kuvuta gari linakuja Jumamosi tarehe 28. Baba amekwisha kupima gereji kwa ajili ya rafu za vioo. Tangu Aprili haniangalii machoni, lakini funguo bado ziko shingoni.

Ukweli sijamwambia Babu. Kila nikifungua mdomo namwona baba yangu.

Mpwa wako


Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini mko na afya, maana mtahitaji nguvu ya kusikiliza. Barua hii si yako peke yako. Jumapili baba yako mdogo akija kula, waweke wote wawili mezani, mama yako naye awepo, uisome kwa sauti. Babu msimwite bado. Ukiona aibu kusoma mahali fulani, hapo ndipo usome polepole.

Naanza na mimi, nisije nikaonekana nimepanda juu ya paa kuwarushia wengine mawe.

Ile karatasi ilinifikia siku ya Alhamisi, kazini, katikati ya rundo la kurasa. Niliisoma kama ninavyosoma kurasa zote: nikatafuta mkato. Baba yangu alikuwa kwenye kila mstari na mimi nikamwona mkato. Nikaboresha sentensi inayomfungia nje ya gereji yake, nikaona fahari kidogo kwamba sasa inasomeka vizuri, nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai. Ningeweza kupanda basi. Ningeweza kuuliza, "Kaka, amesema amefungiwa na nani?" Swali moja. Sikuuliza, kwa sababu jibu lingenilazimu nije, na kuja kungenilazimu nikae na mzee anayezeeka, na mimi nilishazoea kumpenda kwa mbali, ambako hapana harufu ya dawa. Barua zangu zote za hasira tangu Februari zilikuwa hasira ya mtu aliyevunja chungu akiwauliza wenzake nani kamwaga maji. Ulipogundua nilinyamaza wiki sita. Hiyo nayo ilikuwa aibu juu ya aibu. Nisamehe, mwanangu. Sahihi yangu naiondoa leo. Msiniambie karatasi haifutiki. Zote nilizowahi kusoma zilifutika kabla ya kuchapwa, na hii haitachapwa.

Sasa wewe, Mdogo wetu, unayesema uwanja utapumua. Ulitia sahihi kwa sababu wakubwa wako walitia. Una miaka arobaini na saba. Huo udogo utauacha lini?

Na wewe, Kaka.

"Ningesema vipi wiki ya tatu kile ambacho sikukisema siku ya kwanza?" Nimelisoma swali hilo mara nyingi kuliko ukurasa wowote maishani mwangu, na nakiri lina uchungu wa kweli ndani yake. Najua ulivyoogopa. Uliogopa mzee wa sabini na tisa atakugombeza kwa sikio la kibanio, kitu ambacho angekichonga upya kwa mchana mmoja huku anaimba. Kuvunja si kosa. Nyumba ile tulikula na kusoma kwa vitu vilivyovunjwa na watu. Lakini swali lako lina jibu, na jibu ni jepesi: ungesema hivyo hivyo. Wiki ya tatu unasema, "Baba, nilikosa siku ya kwanza, na nimekosa kila siku tangu hapo." Badala yake ulisimama, mikono mfukoni, ukamtazama baba yetu, macho yameingia ukungu, akipapasa ile shingo kwa vidole, ukijua skrubu ilipo na kidole chake kikipita juu yake. Alikuambia. Mbele yako alisema, "Hapa pana kitu, si kutu, kuna mtu amekifunga." Alikuwa yeye peke yake katika familia nzima mwenye akili timamu, na wewe ulilijua hilo kuliko mtu yeyote, na neno lake la kweli ukaligeuza kuwa dalili ya ugonjwa! Hujamnyang'anya funguo tu. Umemfanya aogope dirisha.

Usiniambie ulikuwa unamlinda asijikate. Usiniambie vioo vinahitaji stoo. Vioo vyako vimekaa kwenye benchi miaka ishirini havijalalamika.

Mwanangu, na wewe sikuachi, kwa sababu nakupenda. "Kutu, Babu" ni maneno mawili tu, na yamefanya kazi ambayo karatasi yetu yenye sahihi tatu haikuweza. Sisi tulimwambia hana akili, hakutuamini. Wewe alikuamini. Alikuomba umwambie akisema upuuzi, usiwaachie wao. Siku aliyosema kweli ukamwachia aione upuuzi. Kumheshimu baba yako hakukudai umzike babu yako akiwa hai.

Nimekata tiketi. Nafika Jumamosi tarehe 21, basi la asubuhi, na goti langu na kila kitu. Mume wangu kasema nikirudi bila kusema na mzee, nisirudi. Ndevu zimempa ujasiri.

Kwa hiyo haya ndiyo nayataka, na siyaombi.

Mdogo wetu: mpigie mwenye lori Jumatatu umwambie asije. Kisha uje Jumamosi, si kula, kujaza upepo tairi mbili.

Mwanangu: mrudishie ovaroli lake kabla sijafika, na umwambie haikuwa kutu. Umwonyeshe skrubu, aishike. Akikuuliza ni nani, mwambie mwenyewe anakuja kusema.

Kaka: utoe kamba hiyo shingoni. Funguo usiziweke mezani, wala usimpe mtoto azipeleke. Umwekee mkononi, uukunje mkono wake juu yake, na useme kwa sauti ambayo mkeo mwenye miwani na jirani wa pili wataisikia: "Baba, ulikuwa sahihi. Kuna mtu alikifunga. Ni mimi." Useme hivyo kabla ya saa nne asubuhi ya tarehe 21, kwa sababu saa nne na nusu nitakuwa mlangoni, na nikikuta hujasema, nitayasema mimi, nikianza na jina lako na kumalizia na langu.